Pampu ya moyo haiondoi moyo wa mtoto

Wazazi wengi wa watoto waliozaliwa na ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu) moja tu inayofanya kazi huamini kwamba daktari akitaja pampu, moyo utatolewa na mashine kuwekwa mahali pake. Ni rahisi kuelewa hivyo. Moyo wa bandia unaochukua nafasi ya moyo mzima upo kweli, ila ni kifaa kingine.

Pampu inayotumika zaidi huuacha moyo kifuani. Huunganishwa na ventrikali ile ile iliyochoka, ikavuta damu na kuisukuma kwenye mshipa mkuu uendao mwilini. Kwa mtoto mdogo sana, pampu yenyewe hukaa nje ya mwili. Kwa mkubwa, waya wa pampu hutokea kwenye ngozi ya tumbo hadi kwenye betri anazobeba. Kidonda hicho huhitaji usafi wa hali ya juu, kwani vijidudu hupenya hapo.

Jambo gumu ni hili. Wengi wa watoto hawa wamefanyiwa upasuaji, ulioelezwa kwanza mwaka 1971, unaopeleka damu ya vena (mishipa inayorudisha damu kutoka mwilini) mapafuni bila kusukumwa na ventrikali. Kama ventrikali bado inabana vizuri na shida ni damu kurundikana kwenye ini, pampu hiyo huenda isisaidie sana, maana kazi yake ni kuisaidia ventrikali.

Basi mwombe daktari akuonyeshe picha ya eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Ventrikali inabana vipi? Pampu itavuta damu wapi, iipeleke wapi? Achore kwa kalamu. Uliza pia kama pampu ni ya kumvusha mtoto hadi apandikizwe moyo, maana mara nyingi ndivyo ilivyo.