"Demonstration" si maandamano kila mara

Wiki iliyopita nililetewa nihariri mwongozo wa mafunzo ya wachakataji wa dagaa uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, na kwenye ratiba nikakuta kwamba siku ya pili, saa nne asubuhi, akina mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba watafanya "maandamano ya kuanika dagaa kwenye vichanja". Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii ya kutafsiri, niliwahi kuandika "shamba la maandamano" pale ambapo bwana shamba yeyote angesema shamba darasa.

Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo, "demonstration", limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonyesha. Lilitumika kwa uthibitisho wa kihisabati, na kwa jeshi linalojitokeza ili kumtisha adui, kabla ya kuzoeleka katika karne ya 19 kwa watu wanaojitokeza hadharani kudhihirisha msimamo wao. Msingi wake ni jicho la mtazamaji. Msingi wa neno letu "maandamano" ni mguu: kuandama ni kufuata, na ni kitenzi hichohicho tunachokitumia mwezi unapoandama au balaa linapomwandama mtu. Jumapili ya Matawi waumini hufanya maandamano hadi kanisani, wala hawampingi yeyote.

Kwa hiyo watu walioketi kimya mbele ya ofisi wakidai haki yao wamefanya "demonstration", lakini hawakuandamana, kwa kuwa hakuna aliyepiga hatua. Hapo mimi huandika kwamba wamekusanyika kupinga, na hilo si suala la ladha tu, maana sheria ya Jeshi la Polisi la Tanzania, katika kifungu cha 43 kinachodai taarifa ya saa 48, hutaja mkusanyiko na maandamano kama mambo mawili.

Tena, maandamano peke yake hayasemi kama watu wanapinga au wanaunga mkono. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwingereza angeweza kuyaita matembezi yale "demonstration", ila "protest" asingethubutu, kwa sababu neno hilo halikai pasipo lalamiko. Ndiyo maana sipendi gazeti linapoandika "waandamanaji" na kuishia hapo, kana kwamba msomaji atabashiri wanachokitaka.

Kwenye ule mwongozo niliandika "maonyesho kwa vitendo". Mwenye kazi akanirudishia, akiuliza kama akina mama hawatadhani wanapelekwa kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nyamhongolo. Alikuwa na haki. Tukaafikiana: "Mwezeshaji ataanika dagaa kwenye kichanja huku washiriki wakitazama, kisha nao wataanika."