Reli ilivyoifuta saa ya Bristol

Kazi yangu ni kupanga ratiba za treni, na ratiba yoyote huanza na swali moja: tunafuata saa ya nani? Siku hizi hakuna anayeliuliza. Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, lilizusha ugomvi wa miaka mingi. Kwangu mimi, hilo ni badiliko kubwa zaidi ya kasi yenyewe ya treni.

Kabla ya reli kila mji ulikuwa na saa yake. Adhuhuri ni jua la utosini, na jua halifiki utosini London na Bristol kwa pamoja. Kila digrii ya longitudo ni dakika 4. Bristol iko magharibi ya Greenwich, mtaa wa London ambako longitudo huanzia kuhesabiwa, kwa digrii mbili na nusu na ushei, kwa hiyo ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10 hivi. Penzance, kule ncha ya magharibi, ilikuwa nyuma kwa dakika 22, na Norwich upande wa mashariki ilitangulia kwa dakika 5. Hayo hayakumkosesha mtu usingizi. Gadi wa gari la farasi la posta alikabidhiwa saa iliyotegeshwa makusudi ikimbie au ichelewe kidogo, ili akifika awe sawa na wenyeji.

Reli ya Great Western ilifika Bristol kutoka London mwaka 1841, na safari ya kukesha njiani ikawa ya saa 4 hivi. Tangu Novemba 1840 kampuni hiyo ilikuwa imeamua kwamba stesheni zake zote zifuate saa ya London. Basi mtu wa Bristol aliyetazama saa ya kanisani, akaona bado ana dakika 5, alikuta treni imeshaondoka dakika 5 zilizopita.

Wengi husema usalama ndio uliolazimisha saa moja. Sikubaliani nao sana. Ni kweli treni mbili haziwezi kupishana salama kwenye njia moja ikiwa saa zinagombana, lakini hilo kampuni ingeweza kulimaliza ndani ya nyumba yake. Kilichobana ni abiria anayeshuka treni ya kampuni hii kupanda ya kampuni ile. Ndiyo maana pendekezo la Septemba 1847, kwamba kampuni zote zishike saa ya Greenwich, lilitoka Railway Clearing House, ofisi iliyogawa mapato ya tiketi za safari zilizopita kwenye reli za kampuni zaidi ya moja. Wahasibu, si watu wa ishara!

Miji haikukubali kirahisi. Wapo walioona London inawaingilia hadi kwenye jua lao. Bristol walitafuta suluhu yao: saa ya Corn Exchange, jengo la soko la nafaka, ikawekwa mshale wa pili wa dakika, mmoja wa Bristol na mwingine wa London, na bado iko vile vile. Mwaka 1852 Greenwich ilianza kutuma wakati kwa telegrafu, na mwaka huohuo jiji likasalimu amri.

Sheria nayo ilikuwa nyuma. Mwaka 1858, huko Dorchester, hakimu alikaa saa nne asubuhi kwa saa ya mahakama iliyofuata Greenwich, mdaiwa hakuonekana, akashindwa kesi. Akaingia kabla saa ya mji haijatimia saa nne. Rufaa ilimpa haki: saa nne ni ya pale ulipo, si ya Greenwich. Kwa hiyo raia yuleyule alifuata saa moja stesheni na nyingine mahakamani, hadi Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1880, miaka 33 baada ya wahasibu. Na hata hiyo iliiachia Ireland saa ya Dublin, dakika 25 nyuma, hadi 1916. Abiria wa meli ya Holyhead, bandari ya Wales ya kuvukia kwenda Dublin, aliendelea kurudisha mishale ya saa yake.