Albamu bora ya wakati wote, na nyimbo zetu zilizokatwa katikati

Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye santuri na kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta, kwa hiyo ubishi wa albamu bora haunipiti. Wiki iliyopita vijana wawili nusura washikane mashati mbele ya meza yangu. Mmoja anashikilia Thriller ya Michael Jackson, mwingine ile ya Lauryn Hill ya 1998. Huyu wa pili alikuwa na ushahidi: mwaka 2024 Apple Music waliipa nambari 1, Thriller ikafuatia.

Ushahidi wa namna hiyo haunitishi. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilitoa orodha ya albamu 500, Sgt. Pepper's ya Beatles ikiwa kileleni. Orodha ya 2020 ikaja na wapiga kura wengine: What's Going On ya Marvin Gaye juu kabisa, Sgt. Pepper's ile ile imeporomoka hadi nafasi ya 24.

Ubishi wangu mimi unaanzia kwenye neno lenyewe, albamu. Kitu hiki tunachokishindanisha kimelelewa na santuri ndefu, ile ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, iliyotolewa na Columbia huko Marekani mwaka 1948. Upande mmoja unabeba dakika 20 na ushei. Ndani ya nafasi hiyo msanii anapanga safari nzima; kwa Marvin Gaye wimbo mmoja haujaisha, wa pili umeshaingia.

Bendi zetu za dansi za miaka ya 1970 zilikuwa na hesabu nyingine. Dar es Salaam zilirekodi Radio Tanzania, kwenye utepe, wimbo upigwe hewani. Cha kununua dukani kilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, upande mmoja dakika nne au tano. Wimbo una dakika nane. Basi unakatwa: Sehemu ya 1, geuza, Sehemu ya 2.

Juzi nilikuwa na moja mezani, lebo imeliwa na mende. Waimbaji wamemaliza beti, gitaa la solo ndiyo kwanza linajitafutia nafasi, tarumbeta zimeitikia mara mbili, mara sauti inafifia. Unageuza, unavumilia mikwaruzo, ndipo chemko, ile sehemu ya kucheza, linaanza.

Sasa santuri ya hivyo utaishindanisha vipi na What's Going On? Na Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 wakati santuri ndefu haijazaliwa, akae wapi? Utaniambia Mbaraka Mwinshehe ana albamu. Anazo, ila nyingi ni mikusanyo ya santuri ndogo. Kwangu hilo si kosa: Rolling Stone wenyewe mwaka 2020 walimwingiza King Sunny Adé wa Nigeria kwa mkusanyo, na Mnaijeria mwenzake Fela Kuti kwa santuri yenye nyimbo mbili tu, moja kila upande. Mlango upo, sisi ndio hatujabisha hodi.

Ile santuri ya mende niliiunganisha vipande vyote viwili, mshono hausikiki, nikajisifu. Mzee mwenye mali akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kijana, umeniondolea pa kugeuzia. Hapo ndipo tulipokuwa tunafuta jasho."

Nimemrudishia pengo lake, sekunde tisa.