Pembetatu Zilizo Sawasawa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Pembetatu mbili huwa sawasawa iwapo moja ikisogezwa, ikizungushwa au hata ikipinduliwa, itaifunika nyingine bila kupungua wala kuzidi. Kila pembetatu ina vipimo sita, yaani pande tatu na pembe tatu, na makosa mengi huanza pale mwanafunzi anapoamini kwamba kazi yake ni kuhesabu tu vipimo vilivyo sawa.

Dhana: Pembe zote tatu zikiwa sawa, pembetatu ni sawasawa.

Ukweli: Hapo zimefanana umbo tu. Pembetatu yenye pande za sentimita 3, 4 na 5 ina pembe zilezile za pembetatu yenye pande za sentimita 6, 8 na 10, ilhali eneo la pili ni mara 4 ya la kwanza.

Dhana: Vipimo vitano kati ya sita vikiwa sawa, shaka imekwisha.

Ukweli: Dhana hii huwanasa hata walio hodari. Chukua pembetatu yenye pande za sentimita 8, 12 na 18, kisha nyingine yenye pande za sentimita 12, 18 na 27. Pande za pili ni pande za kwanza zilizozidishwa kwa 1.5, kwa hiyo pembe zote tatu ni sawa. Tena kila moja ina upande wa sentimita 12 na upande wa sentimita 18. Vipimo vitano vimepatana, lakini pembetatu hazilingani, kwa sababu upande wa sentimita 12 katika ya kwanza ni wa kati kwa urefu, na katika ya pili ndio mfupi kuliko zote, hivyo haukabili pembe ileile. Vipimo vitatu tu vingetosha, mradi vinakaa mahali panapostahili: pande tatu, au pande mbili na pembe iliyo kati yake, au pembe mbili na upande mmoja wenye nafasi ileile katika pembetatu zote mbili.

Dhana: Pande mbili na pembe yoyote hutosha.

Ukweli: Chora pembe A ya nyuzi 30, na kwenye mkono wake mmoja weka B, sentimita 10 kutoka A. Weka ncha ya bikari kwenye B, ifungue sentimita 6, kisha chora tao. Kwa kuwa B iko sentimita 5 tu kutoka mstari wa mkono wa pili, tao litaukata mkono huo mara mbili, takribani sentimita 5.3 na sentimita 12 kutoka A. Masharti ni yaleyale, na pembetatu zilizopatikana ni mbili tofauti kabisa. Pembe iliyotolewa ikiwa ya nyuzi 90, utata huo huondoka, kwani upande unaoikabili huwa mrefu kuliko zote, na ndiyo maana pembetatu mraba, yaani zenye pembe ya nyuzi 90, zina sharti lao mahususi: upande huo mrefu na upande mwingine mmoja hutosha.

Dhana: Mzingo na eneo vikiwa sawa, pembetatu ni sawasawa.

Ukweli: Pembetatu yenye pande 17, 25 na 28 na ile yenye pande 20, 21 na 29 zina mzingo wa 70 na eneo la 210, lakini hazilingani.

Dhana: Kinachoonekana wazi kwenye mchoro kinaweza kutumika katika uthibitisho.

Ukweli: Tuseme katika pembetatu ABC, AB = AC, na tunataka kuthibitisha kwamba pembe za B na C ni sawa. Tukiunganisha A na M, nukta ya katikati ya BC, tunajua kwamba BM = MC, na AM ni ya pembetatu zote mbili; basi ABM na ACM ni sawasawa kwa pande tatu. Anayeandika tangu mwanzo kwamba AM inakutana na BC kwa nyuzi 90 ameingiza jambo ambalo hakupewa, ingawa ni la kweli: ukweli huo hupatikana baada ya usawa kuthibitishwa, kutokana na pembe mbili za M ambazo ni sawa na jumla yake ni nyuzi 180.