Je, wajua kwa nini stori ya kurasa kumi inakutisha kuliko muvi ya saa mbili?

Hapa Mtwara kuna kitabu kimoja cha hadithi fupi za kutisha za zamani kinazunguka kati ya marafiki zangu, kina waandishi Wamarekani na Waingereza na Mfaransa mmoja, na kila anaekimaliza anazipa hadithi maksi kwa kalamu pembeni ya kichwa cha hadithi, nje ya 10. Tumebishana sana kwenye nyingi, ila zilizopata maksi za juu kwa karibu kila mtu ni zilezile, na zote zina kitu kimoja, huyo mzimu au mfu au jini haonekani kabisa au anaonekana kwa sekunde tu. Zile zenye dude limeelezewa kuanzia kucha mpaka mkia zimeishia kwenye 5, 6. Na hawa ni watu ambao wanaangalia muvi za mazombi huku wanakula ugali wao bila wasiwasi. Sasa kwa nini iko hivo?

Tuanze na ufupi wenyewe maana haukutokea tu. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, yule Mmarekani ambae wengi wanamuona ndie baba wa hadithi hizi, aliandika uhakiki wa kitabu cha mwenzie Nathaniel Hawthorne na humo ndani akaeleza anavyoamini yeye, kwamba hadithi inatakiwa isomeke bila kunyanyuka, nusu saa mpaka saa moja au mbili, kwa sababu ukikiweka kitabu chini ukaenda kwenye shughuli zako mambo ya dunia yanaingia katikati na kile mwandishi alichokua anakijenga kichwani mwako kinabomoka. Akasema pia kwamba kama sentensi ya kwanza haijaanza kuivuta kazi kwenye hali moja iliyokusudiwa basi mwandishi ameshafeli. Mwaka uliofuata, 1843, akatoa ile ya moyo unaodunda chini ya sakafu, maneno elfu mbili na kidogo tu, yani unaimaliza kabla chai haijapoa. Msimulizi anamuua mzee anaekaa nae kisa jicho la mzee, la bluu iliyopauka lenye utando, linamsumbua. Anamficha chini ya mbao, polisi watatu wanakuja, anawakaribisha kwa furaha na kiti chake yeye anakiweka juu ya palepale alipomficha, wanapiga stori, halafu anaanza kusikia moyo unadunda, na unazidi. Poe hakwambii ule moyo ni wa marehemu au ni wa muuaji mwenyewe au haupo kabisa. Nimeipa 9.

Ila ninayoiweka juu ya zote ni ile ya mkono wa nyani ya W. W. Jacobs, Muingereza wa London, ilitoka 1902. Ngoja niielezee vizuri maana jibu la swali letu liko humo lote. Mzee White na mkewe wanaishi na kijana wao Herbert. Mwanajeshi aliyetoka India anawaletea mkono mkavu wa nyani unaotimiza maombi matatu, na anawaonya wasiutumie. Mzee anaomba pauni 200 tu, amalizie deni la nyumba. Kesho yake anakuja mtu kutoka kiwandani anakofanya kazi kijana, Herbert amenaswa na mashine, amekufa, na kampuni inatoa kifuta machozi, pauni 200 kamili. Siku zinapita wameshamzika, usiku mmoja mama anakumbuka kwamba maombi mawili bado yapo, anamlazimisha mume wake aombe mtoto arudi. Mzee anaomba huku anaogopa sana, maana yeye ndie aliyeuona ule mwili ulivyoharibika. Kimya kirefu. Halafu mlango unagongwa.

Na hapo ndipo Jacobs alipotuweza. Mama anakimbilia mlangoni, komeo la juu halifikii, anavuta kiti, mzee yuko chini kwa magoti anapapasa gizani anautafuta ule mkono aombe ombi la tatu, anaupata, anaomba, kugonga kunakatika ghafla, mlango unafunguliwa na nje hakuna mtu, barabara tupu na taa. Basi. Haikuandikwa hata sentensi moja kueleza kilichokua kinagonga. Mwandishi ameshakuambia mapema, kwa maneno machache tu, kwamba mashine ilimuharibu na kwamba ameshakaa kaburini, kazi ya kuunganisha amekuachia wewe, na wewe unaiunganisha vibaya kuliko vile ambavyo yeye angeandika, kwa sababu unatumia maiti uliyowahi kuiona wewe, mlango wa kwenu, na sauti ya mtu wako. Muvi haiwezi kufanya hivo kirahisi. Kamera lazima ikuoneshe kitu, na ukishaliona dude unaanza kulipima, refu kiasi gani, linakimbia au linatembea, dirisha lipi naweza kutokea. Kitu kikishapimika hofu inageuka kuwa mahesabu. 10 kwa 10, na aliyeipa 8 kwenye kile kitabu naomba ajitokeze tuongee.

Sasa kwa nini binadamu tuko hivo, kwa nini tusichokiona kinatutisha kuliko tunachokiona? Sisi watu wa Lindi na Mtwara jibu tunalo nyumbani. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 Tanzania, na mikoa yetu hii miwili ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi, pamoja na Rufiji. Watafiti Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, walipofuatilia mwaka 2005 wakakuta mashambulizi yanapanda wakati wa mavuno, wakati watu wanalala shambani kwenye madungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, na simba nae anamfuata nguruwe hukohuko. Mwaka 2011 wakarudi na jambo jingine zito zaidi. Walipanga mashambulizi ya miaka mingi ya upande huu wa kusini mashariki kufuata mwezi angani, wakaona hatari inakua kubwa siku zinazofuata mara tu baada ya mwezi mpevu. Sababu ni kwamba mwezi ukishapevuka kila siku unachelewa kuchomoza, kwahiyo zile saa za kwanza za usiku, ambazo watu bado wako nje wanapika, wanaenda chooni, wanarudi kutoka kwa jirani, zinakua giza totoro, na simba ana njaa maana usiku wa mbalamwezi wanyama wanamuona mapema na windo linamponyoka. Wao wenyewe wakaandika kwamba hofu yetu ya giza na zile imani za kila taifa kuhusu mwezi mpevu huenda zimezaliwa humo.

Kwahiyo fikiria babu wa babu yako amekaa dunguni, majani yanatikisika. Anaeona simba anajua cha kufanya, anapiga kelele, anashika moto, anapanda juu zaidi. Anaesikia majani tu hajui chochote, na aliyedharau majani hakubaki kuzaa. Tumerithi masikio ya wale walioshtuka. Na vijijini kipindi kile watu hawakuishia kwenye simba wa kawaida, walisema ni simba wa kutumwa, ana mtu nyuma yake, na ukiangalia utaona ndio kanuni ya Jacobs hiyohiyo, anaekula watu anajulikana ila aliyemtuma hajulikani, na huyo wa pili ndie anaekunyima usingizi.

Kwenye mwili ni haraka sana. Ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ndogo, kulia na kushoto, zinaitwa amigdala, na moja ya kazi zake kubwa ni kupiga king'ora kabla hujapata muda wa kufikiri. Adrenalini inamwagika kutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, moyo unaenda mbio, vimisuli vidogo kwenye mashina ya vinyweleo vinakaza, ndio maana mwili unasisimka (paka akivimbisha manyoya mbele ya mbwa ni mfumo huohuo). King'ora hakiulizi kama majani ni ya kweli au ya kwenye karatasi. Baadae kidogo akili inakuja inasema tulia, uko kitandani, ni kitabu, na ule unafuu ndio raha yenyewe.

Kuna mwingine alielewa haya mambo kwa njia ya kipekee, M. R. James, mwanazuoni wa Cambridge, alikua anawaandikia marafiki zake stori za mizimu na kuwasomea kwa sauti wakati wa Krismasi usiku, kitabu chake cha kwanza kilitoka 1904. Ile ya profesa anaeokota filimbi ya kale ufukweni akaipuliza, kinachomjia mwishoni ni shuka. Shuka za kitanda cha pili chumbani zinanyanyuka, uso wake ni kitambaa kilichokunjamana, na ndani hakuna kitu. Mtu yoyote aliyekulia kwenye mapiko anaielewa hii bila kuelezewa, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde iliyovuka Ruvuma ikaja huku kwetu, mchezaji anafunikwa kichwa na nguo mwili mzima ngozi isionekane popote, na wanawake na watoto ambao hawajaenda jandoni waliambiwa huyo sio mtu. Kinyago chenyewe ni mti tu umechongwa vizuri. Kinachotisha ni kutojua nani yuko ndani, au kama yupo. James nimempa 9.

H. P. Lovecraft ndie tuliyegombana sana. Mwaka 1927 aliandika insha akasema hofu ndio hisia ya kale zaidi ya binadamu, na hofu ya kisichojulikana ndio kali kuliko zote, sawa kabisa, nakubali neno kwa neno. Ila kwenye hadithi yake ya mwaka 1928 ya jitu lililolala kwenye mji chini ya bahari anakuwekea jina, mji, sanamu, mabawa, mikono ya pweza usoni, mwisho wa siku mabaharia wanaligonga na meli. Nusu ya kwanza, wakati ni ndoto za watu na makaratasi ya marehemu, inatisha kweli. Jitu lilipotokea mimi nilipoa. 6, na najua nina maadui.

Ya Charles Dickens ya mwaka 1866, mlinzi wa reli anaeona mzimu unapunga mkono penye mdomo wa handaki kila kabla ya ajali, inabidi uisome ukijua kwamba mwaka mmoja nyuma, Juni 1865, Dickens mwenyewe alikua kwenye treni iliyoanguka Staplehurst Uingereza, watu 10 walikufa, na yeye alishuka kuwahudumia majeruhi. Mlinzi wake hamuogopi mzimu, anachoogopa ni kwamba ameonywa na hajui ajali itatokea wapi amwambie nani. Hiyo ni hofu ya mtu aliyewahi kuwepo. 8.

Halafu ipo moja haina hata mzimu wa kusingizia, ya Charlotte Perkins Gilman, 1892, mama aliyetoka kujifungua anafungiwa chumbani na mume wake ambae ni daktari, apumzike, asiandike, asifikiri, na anaanza kumuona mwanamke nyuma ya karatasi ya njano ya ukutani. Gilman alipewa tiba hiyohiyo mwaka 1887 na daktari maarufu wa Marekani. Wanaume wengi kwenye kitabu chetu wameipa 5 wakasema haitishi, wanawake wote waliokisoma hakuna aliyeshuka chini ya 9. Mimi nimeipa 9, maana kisichoonekana humo ni maradhi yake, mume haoni, na msomaji anaona yote.

Hadithi hizi karibu zote hazina hakimiliki tena, zipo bure kwenye intaneti kwa Kiingereza. Ukitaka kuanza anza na Jacobs, usiku, simu pembeni, usinyanyuke mpaka mlango ufunguliwe. Ikifuata ya moyo chini ya sakafu utakua umeshaelewa Poe alimaanisha nini.