Soko huria na mila si pacha

Nafundisha siasa hapa Mwanza, na hakuna muhula unaopita bila mwanafunzi kunyoosha mkono na kusema: "Mwalimu, anayetaka biashara iachwe huru ndiye huyo huyo anayetetea ndoa na dini. Wahafidhina wako hivyo tangu zamani." Nimechoka kuisikia.

Huo muungano wa soko na mila ni ndoa ya kupangwa, na washenga wake wanajulikana. Huko Marekani, wapenda soko na wapenda mila walikuwa wakitazamana kwa jicho la kando. Jarida la National Review, alilolianzisha William F. Buckley mwaka 1955, ndilo lililowakalisha pamoja, na mhariri wake Frank Meyer akawatafutia hoja ya kuwaunganisha. Kilichowashikamanisha hasa ni kuuchukia ukomunisti. Barry Goldwater, aliyebeba bendera yao, akagombea urais 1964, akabwagwa vibaya. Kundi la kidini la Jerry Falwell, Moral Majority, lilikuja 1979, mwaka mmoja tu kabla ya Ronald Reagan kushinda urais.

Na huyo Reagan? Akiwa gavana wa California alisaini sheria ya kulegeza masharti ya utoaji mimba mwaka 1967, na 1969 akasaini ya talaka isiyohitaji kuthibitisha kosa la mwenza. Margaret Thatcher wa Uingereza naye, akiwa mbunge kabla ya kuwa waziri mkuu, aliunga mkono kufuta jinai ya ushoga; sheria ya serikali yake ya kuzikataza halmashauri kuunadi ushoga ilikuja 1988. Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi: hotuba wekeni pembeni, someni kura na saini.

Tena soko lenyewe halina habari na mila. Vijana waliohama vijijini kwenda kwenye makambi ya wavuvi kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, mbali na macho ya wazee wao, waliitwa na bei ya sangara, si na mwanaharakati yeyote.

Wengine husema wahafidhina hubana matumizi ya serikali. Reagan alishusha kodi ya juu ya mapato kutoka asilimia 70 hadi 28, na deni la taifa likakua karibu mara tatu.

Halafu kuna wanaomwita Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wetu wa pili, "Thatcher wetu" kwa kulegeza soko. Jamani! Alikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986 kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa zimekauka na maduka yalikuwa matupu. Na katiba ya CCM hadi leo inataja Ujamaa na Kujitegemea.