Sauti ya zimwi bila kuumiza koo

Muhula wa kwanza, msimu wa tamasha za drama ukipamba moto hapa Kisumu, wanaopwelewa na sauti mapema si wanakwaya. Ni waliopewa zimwi, bibi kizee au sungura, kisha mtunzi akawawekea wimbo katikati ya maneno. Zimwi ndilo balaa kubwa, kwa hiyo tuanze nalo.

Karibu kila anayeanza huutafuta mngurumo kwa kubana koo. Nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni. Mwanamke akizungumza kawaida, nyuzi zake hukutana takriban mara 200 kwa sekunde; mwanamume, kama mara 110. Juu ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine miwili. Ukibana, mikunjo hiyo hukaza, nawe unalazimika kusukuma pumzi kwa nguvu zaidi. Nyuzi hugongana kwa kishindo na kuvimba. Zikivimba zinakuwa nzito, na noti za juu hugoma au hutanguliwa na hewa tupu.

Mhusika ajengwe mdomoni. Shusha sauti noti tatu au nne tu chini ya unavyozungumza. Sogeza midomo mbele kama unayetamka "o", legeza taya, rudisha shina la ulimi nyuma kidogo, punguza kasi. Njia ya sauti ikirefuka hivyo, mtazamaji husikia uzito ambao nyuzi zako hazikuubeba. Uzito uliobaki uupeleke magotini na mabegani. Mngurumo wenyewe uuweke kwenye neno moja la sentensi, "Nanusa harufu ya MTU!", baada ya kuvuta pumzi upya. Anayenguruma ukurasa mzima hamtishi yeyote. Watoto wa mstari wa mbele humzoea upesi.

Bibi kizee mnyime mikwaruzo. Mpe pumzi fupi, mtetemo kidogo, na midomo iliyofunika meno. Sungura anataka sauti ya puani na tabasamu pana. Usimpandishe mpaka shingo ikatoa mishipa.

Kipimo changu ni kimoja: kabla na baada ya mazoezi, imba mstari wa wimbo wa kubembeleza mtoto, juu, kwa sauti ndogo kabisa. Noti iliyotoka kwa wepesi asubuhi ikichelewa jioni, kuna uvimbe. Usiimbe kwa nguvu, maana nguvu huuficha.

Kutoka kwa zimwi kuingia kwenye wimbo, tumia mrija. Utumbukize sentimita mbili ndani ya maji, uvume "uu" ukipanda na kushuka, viputo vikitoka sawasawa. Dakika tatu kabla ya onyesho, nusu dakika nyuma ya pazia. Shinikizo linalorudi kutoka mrijani huzifanya nyuzi zitetemeke bila kugongana sana.

Chai ya tangawizi na asali ni tamu, lakini hupita kwenye umio, njia ya chakula, na haizigusi nyuzi. Maji vilevile: yanywe tangu asubuhi, kwani ya dakika ya mwisho yamechelewa. Mvuke ndio unaofika pale moja kwa moja, na Nakuru, penye vumbi la Januari na Februari, nausisitiza zaidi. Peremende kali za mentholi hufunika maumivu, ukaendelea kujiumiza bila habari. Badala ya kujikohoza, meza mate. Na samaki na ugali saa nne usiku, kisha kitandani? Asidi hupanda hadi kooni. Ukishakula, ngoja muda wa saa tatu ndipo ulale.

Mvua ikipiga mabati ya ukumbi, hakuna koo litakaloishinda. Mkurugenzi apange mapema ishara ya kusimamisha maneno na kuendelea kwa ngoma na miondoko.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Ikikatika ghafla katikati ya onyesho, nyamaza hapohapo: huenda mshipa mdogo umepasuka kwenye uzi. Usimeze aspirini, kwa sababu huzidisha kuvuja damu, na usijaribu hata kunong'ona mpaka uchunguzwe.